Kipimo cha koltani kifanyike mbele yetu

Toka Tunda tunaandika. Siye wachimbaji wa Maniema tunauza koltani kwa kilo, na mnunuzi mwenyewe njo anatuambia kiasi cha tantali iliyo ndani. Gunia moja lilipimwa asubuhi, likapimwa tena jioni: bei mbili!

Kumbe kiwandani unga wa tantali unashindiliwa, unachomwa, unatiwa ndani ya maji ya asidi, umeme unapitishwa, na ngozi nyembamba inaota juu yake: karibu nanometa 2 kwa kila volti 1. Nanometa ni milimita 1 ukiigawanya mara milioni. Ngozi ile njo inasaidia simu kutunza umeme.

Wanapima mpaka pale, gunia letu linawashinda? Mashini iletwe kwenye shimo, na karatasi ya kipimo tupewe mkononi kabla ya mzigo kupanda pikipiki.