Gari Lililopoteza Jina

Wiki iliyopita niliitwa Sonatubes, hapa Kigali, pale njia za Remera, Kicukiro na Rwandex zinapokutana, kulitazama gari dogo la mwalimu mmoja mstaafu. Alilirithi kwa marehemu kaka yake. Kadi imepotea na nembo zote zimeng'olewa. Fundi alikwisha kulipima: upande mmoja, umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ulipungua kwa karibu sentimita 5 kuliko upande wa pili. Hukumu yake ilikuwa kwamba gari limepata ajali na chasisi imepinda. Mnunuzi wa vyuma chakavu alitazamiwa Jumatatu.

"Mwalimu, subiri kwanza," nikasema.

"Mwanangu, fundi ndiye aliyepima."

Ni kweli alipima, tena sawasawa. Lakini ndugu msomaji, yako magari ya Renault yaliyotoka kiwandani hivyo. Nyuma, badala ya springi za kawaida, yana fimbo mbili za chuma zinazojisokota, zilizolazwa kukingama chini ya sakafu. Haziwezi kukaa mahali pamoja, kwa hiyo moja hutangulia nyingine, na gurudumu lake hutangulia vilevile. Ndivyo ilivyo Renault 4, iliyotengenezwa tangu 1961 hadi mapema miaka ya 1990, na ndugu zake kadhaa.

Majirani walikwisha kuliita Renault 4. Mkono wa gia uliochomoza kwenye dashibodi uliwapa haki, na nati tatu tu za kila gurudumu pia. Ila taa za mbele zilikuwa za pembe nne, na Renault 4 ina taa za duara. Mgongo nao uliteremka kwa mshazari, hali wa Renault 4 husimama karibu wima. Hapo nikaikumbuka Renault 6, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1968. Ilianza na taa za duara. Za pembe nne zilikuja kwa matoleo ya 1974. Tulipofungua gurudumu la mbele tukaona breki za sahani, kama zile za 6 TL, yenye injini ya sentimita za ujazo 1108. Ile ndogo ya 845 ilianza na breki za ngoma. Anayeagiza vipuri bila kulijua hilo atatupa fedha.

Sikumwambia mwalimu kwamba gari ni zima kwa sababu ya jina tu. Tulifunga na kufungua milango yote mitano. Nafasi za kingo zilikuwa sawa. Matairi yameisha kwa usawa pande zote. Chasisi iliyopinda haifichi mambo hayo.

Mwalimu akampigia simu mnunuzi asije. Fundi akachukua utepe, akapima tena kimya, kisha akaniomba nimwandikie jina lile katika daftari lake.