Jeep ya Kamituga: piesi inabadilishwa, ugonjwa unabaki

Simu inaingia usiku, na mwenye jeep huko Bukavu anajua habari mbele ya kuisikia. Gari imelala kati ya Mwenga na Kamituga, abiria wameshuka, mizigo iko kando ya barabara. Ponti ya nyuma imelia tena. Tena, maana miezi miwili iliyopita ilifunguliwa, meno mapya yakawekwa, dola mia kadhaa zikatoka, na fundi akaapa kwamba sasa gari itatembea mwaka mzima.

Kila mwenye jeep ya usafiri kwenye barabara ya kitaifa namba 2 anaijua habari hii. Kinachofuata anakijua pia. Patro anamkasirikia shoferi, shoferi anamkasirikia fundi, fundi anailaumu barabara. Kiisha piesi nyingine inatafutwa mjini, inatumwa kwa pikipiki, inafungwa palepale ndani ya potopoto kwa mwangaza wa telefone, na safari inaendelea mpaka siku ya kuvunjika tena. Katika kelele zote hizo, hakuna anayeuliza sababu gani ni piesi ileile inayokufa.

Hapo ndipo feza za wenye jeep zinapotelea. Piesi ikivunjika mara moja, inaweza kuwa bahati mbaya. Ikivunjika mara tatu mahali palepale, kuna kitu kingine kinachoiua, na yule anayenunua piesi ya nne bila kutafuta kitu hicho anajipangia tu tarehe ya kununua ya tano.

Muuaji wa kwanza ni maji. Kutoka Burhale kwenda Mwenga na Kamituga, wakati wa mvua, jeep inaingia katika mashimo ambayo maji yanafika juu ya ponti. Ponti inayofanya kazi huwa ya moto. Ikizama ghafla ndani ya maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta. Watengenezaji walilijua jambo hilo, ndiyo maana juu ya ponti kuna kitundu kidogo cha kupumulia. Lakini kitundu hicho kikizibwa na udongo, ponti inavuta maji kupitia kwenye mipira inayozuia mafuta yasitoke. Mafuta yanageuka rangi ya kahawa ya maziwa. Hayashiki tena kwenye chuma. Rulema zinaanza kupata kutu, meno yanasagana, na wiki tatu baadaye gari inavunjika juu ya kilima kikavu, siku ya jua. Shoferi anaambiwa amepanda kilima vibaya, lakini kilima hakikuwa na kosa lolote.

Kujua kama maji yameingia hakuombi mashini yoyote. Gari ilale usiku mzima bila kutembea, asubuhi bulo ya chini ilegezwe kidogo. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yakiwa ndani ndiyo yatakayotoka kwanza. Katika Land Cruiser ya kazi, ponti mbili, bwate ya vitesi na bwate ya transferi, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, vyote pamoja vinakula lita kama 10 au 12 za mafuta. Ni feza, hakuna anayekataa. Lakini wako mapatro wanaobadilisha mafuta ya motere kila mwezi bila kukosa, na tangu wanunue gari hawajafungua bulo ya ponti hata siku moja.

Muuaji wa pili ni matengenezo yenyewe, na hapa mafundi hawatafurahi. Ndani ya ponti kuna meno ya aina mbili: pinyo, lile dogo linalopokea nguvu kutoka kwa kardani, na kurone, lile kubwa linalozungusha magurudumu. Mawili hayo yanatoka kiwandani yakiwa yamesuguliwa pamoja, kama mtu na kivuli chake. Kuchukua pinyo ya gari moja na kurone ya gari nyingine, hata kama zinaingia, ni kuanza kuhesabu siku. Tena, hata zikiwa pacha, sherti zipangwe: nafasi kati ya jino na jino ni sehemu ndogo sana ya milimita, inapimwa kwa kifaa chenye sindano, na inarekebishwa kwa vipande vyembamba vya chuma. Kazi hiyo haifanyiki chini ya gari katika potopoto saa nne ya usiku. Fundi anayeipima kwa kidole na kusikiliza kwa sikio anaweza kuwa mtu mwenye akili nyingi na mikono mizuri. Meno yatakufa tu.

Kuna pia ubaya unaotoka kwenye piesi za okazo. Ponti ya nyuma imevunjika, patro anapata nzima kwa bei nzuri, inafungwa, gari inatembea. Kumbe ponti ya mbele ina kurone ya meno 37 na pinyo ya 9, na hii mpya ya nyuma ina 43 na 11. Kwa macho ni ndugu. Kwa hesabu, ya kwanza inazunguka mara 4,11 na ya pili mara 3,91. Kwenye mbio ya kawaida, magurudumu ya nyuma yakifanya kazi peke yake, hakuna anayesikia kitu. Siku shoferi anapofunga nguvu ya mbele juu ya kutoka katika shimo, magurudumu ya mbele yanataka mwendo wao na ya nyuma mwendo wao, na kitu kilicho katikati, bwate ya transferi, ndicho kinachopasuka. Patro ataomboleza bwate. Hatakumbuka ponti ya bei nzuri aliyonunua mwezi wa tano. Kuhesabu meno mbele ya kulipa kunaomba dakika chache na mtu anayejua kuhesabu.

Mipira inaleta ugomvi uleule kwa njia ndogo zaidi: miwili mipya nyuma, miwili iliyokwisha mbele, na gari inatembea kutwa nzima imefungwa nguvu zote nne hata kwenye lami ya mjini. Kuna mashoferi wanaoona hiyo ni nguvu. Lami haitelezi kama potopoto, kwa hiyo tofauti yote inabebwa na vyuma. Wale wanaoongeza resori ili gari isimame juu na kubeba zaidi wanapindua pia mlalo wa kardani. Kruazio zake zinaanza kutetemeka, na kutetemeka huko kunapanda mpaka katika bwate.

Mapatro wengi, wakisomewa haya yote, watasema shoferi ndiye anayepaswa kuyaangalia. Na kwa sehemu ni kweli. Lakini patro huyo huyo ana desturi ya kukata mshahara wa shoferi kila gari inapovunjika. Hakuna desturi inayokula feza za mwenye gari kuliko hiyo. Shoferi anayejua kwamba kelele ya ponti itatolewa kwenye chakula cha watoto wake hataisema kelele hiyo. Atapandisha redio. Siku ya kwanza sauti ile ilikuwa lita chache za mafuta na mpira mmoja wa kuzuia mafuta. Siku ya kumi ni ponti nzima, na abiria kumi na tano wanalala barabarani, kati yao labda mama anayepelekwa hospitali Bukavu. Patro anayemwambia shoferi wake, “Papa, ukisikia kitu, simama unipigie, sitakukata hata franga,” anaweza kupoteza safari moja. Yule anayekata anapoteza gari.

Na asijifanye hajui nani anayepanga mizigo. Shoferi si yeye anayetaka abiria waketi mpaka juu ya dari na mifuko ya simenti chini yao. Hesabu ya siku inadaiwa jioni, na hesabu hiyo ndiyo inayopakia gari.

Juu ya barabara, hasira ya wenye jeep ni ya haki. Tangu sheria ya mwaka 2008 iliyounda FONER, kila anayenunua mafuta analipa kitu juu ya matengenezo ya barabara, na anayepita kwenye vizuizi vya malipo analipa tena. Bukavu na Kamituga zimetengana karibu kilomita 180, na jeep yenye nguvu inaweza kutumia siku mbili wakati wa mvua. Wasafirishaji wana haki ya kuuliza kwa sauti kubwa feza hizo zimefanya nini kati ya Burhale na Mwenga, na washirika wao wa biashara, wanaopoteza nyanya na samaki njiani, wana haki ya kuuliza pamoja nao. Lakini swali hilo halizuii maji kuingia katika ponti usiku huu. Barabara mbaya inaua gari zote mbili, ile inayotunzwa na ile isiyotunzwa. Tofauti ni kwamba moja inakufa polepole na nyingine inakufa kila mwezi wa pili.

Iko pia saa ya kuacha. Kuna jeep ndogo zilizoundwa juu ya kwenda sokoni na kurudi, nzuri kabisa kwa Bukavu mjini, ambazo wenyewe wanazipeleka Kamituga sababu zina maandishi ya “4x4” nyuma. Hizo hazina ugonjwa wa kutafuta. Zimepewa kazi isiyo yao. Mwenye gari wa namna hiyo achukue daftari, aandike yote aliyolipa katika mwaka mmoja kwenye ponti, kardani, bwate na ambreyaje, pamoja na siku ambazo gari ilikuwa imelala, kiisha aweke pembeni bei ambayo mtu angemlipa leo kwa gari hiyo ikiwa inatembea. Wengi hawapendi kufanya hesabu hiyo, juu wanajua mbele jibu lake.

Kwa yule mwenye Land Cruiser ya kweli iliyolala huko Mwenga, iko kazi moja kabla ya kununua kurone nyingine. Pikipiki itaondoka asubuhi. Imbebe fundi pamoja na chupa tupu na ufunguo wa bulo, na piesi ibaki kwanza dukani. Mafuta yale ya zamani yamwagwe katika chupa, yaangaliwe rangi, vipande vya chuma vishikwe kwa mkono, kitundu cha kupumulia kipulizwe kama hewa inapita. Meno ya mbele na ya nyuma yahesabiwe. Kiisha fundi apige simu Bukavu, aseme nini aliona ndani ya chupa.