Geuza soksi kabla ya kumvisha mtoto

Mzazi wa nyanda za juu za Mbulu na Hanang hahitaji kusimuliwa baridi ya Julai. Kule Gehandu mtoto aliyezaliwa juzi unamkuta ndani ya khanga, kitenge na blanketi, na juu yake sweta la kaka yake.

Nilikuwa huko kwa dada yangu, aliyejifungua mtoto wa kilo 2.4. Chini ya kilo 2.5 mtoto huhesabiwa kuwa na uzito pungufu, na watoto hao hupoteza joto upesi. Jirani yake, bibi anayefuma masweta ya wanafunzi, akamletea jozi ya soksi. Za kijivu, hazina hata ua moja. Moyoni nikasema, angeweka japo rangi mbili.

Bibi akazigeuza ndani nje, akapitisha kidole taratibu hadi kwenye ncha.

"Mwanangu, za kichanga sizitii maua. Maua ni nyuzi zinazopita huku ndani, na kidole cha mtoto hunasa humo."

Madaktari wa watoto wanalijua tatizo hilo. Uzi mmoja uliolegea, au unywele wa mama, hujizungusha kwenye kidole cha mguu. Mtoto akirusha miguu, unazidi kukaza. Kidole kinavimba, kinakuwa chekundu, kisha kinaanza kuwa cheusi, na kikikosa damu kwa muda mrefu kinaweza kupotea. Mtoto analia tu, na sisi tunasema ni tumbo.

Kwa hiyo mtoto akilia asinyamaze, vua soksi utazame vidole kimoja kimoja. Ukiona uzi umezama kwenye ngozi usiuvute, wahi kituo cha afya. Soksi za dukani nazo zina nyuzi ndani, tena nyingi. Ila hii ya nyumbani unamjua aliyefunga fundo la mwisho, na ukikuta uzi unaning'inia unampelekea leo hii aurekebishe. Mimi naona hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko hata joto.

Maana joto lenyewe soksi haiwezi peke yake. Mtoto mdogo hupashwa na kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, kichwani kofia. Na usimpime kwa kushika miguu: miguu ya kichanga huweza kuwa ya baridi naye yuko salama. Shika kifua au mgongo. Kwa kipimo, joto lake liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Jiko la mkaa lisiingie chumbani mkafunga madirisha, hewa yake yenye sumu haina harufu na inaua familia nzima usingizini.

Kuhusu uzi, kondoo wetu wa kienyeji wana nywele fupi zisizosokoteka, hivyo tunanunua, na mwingi ni akriliki. Unapasha vizuri, ila ukishika moto unayeyuka na kugandia kwenye ngozi, kwa hiyo soksi hizo zikae mbali na mafiga. Anayeuza naye aseme kweli. Akriliki isiitwe sufu ili bei ipande.

Na bei ndiyo iliyoniaibisha. Nilimwomba bibi jozi tatu za kupeleka mjini. Akataja shilingi 5,000 kwa jozi. Nikamwambia za dukani ni 2,000.

"Basi kanunue za dukani," akasema, wala hakukasirika.

Nilikuwa nimepiga hesabu ya uzi tu, kana kwamba mikono yake na mafuta ya taa ya usiku havina bei. Dada akacheka, akaniambia nijaribu kufuma. Bibi akanipa sindano na donge la uzi. Soksi moja ya mtoto ilinichukua jioni nne. Kisigino kilikataa mara tatu, nikafumua, nikaanza upya, na hata kilipokubali kilikaa upande.

Asubuhi ya kuondoka nililipa shilingi 15,000 zangu bila neno. Jozi zote tatu nilizigeuza kwanza, bibi akinitazama. Hii niliyoifuma mwenyewe bado iko mkobani. Mwenzake sijaianza.