Figo zimeumia leo, au ziliugua zamani?

Desemba 3, 2023, matope na mawe kutoka Mlima Hanang yalipoufunika mji wa Katesh, wengi waliwaza vifo na nyumba zilizobomoka. Daktari huwaza pia figo. Misuli ya mtu aliyebanwa kwa saa kadhaa hupondeka, na sumu zake huingia kwenye damu na kuumiza figo.

Lakini ndugu msomaji, si lazima yatokee maafa. Kuhara na kutapika, malaria kali, kutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, hata dawa za maumivu kama diklofenaki zikimezwa wakati mwili umeishiwa maji, huweza kuumiza figo ghafla.

Chukulia mkulima wa miaka 50 anayetoka kijijini Mbulu kwenda Hospitali ya Haydom baada ya kuhara siku tatu. Anapimwa kriatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa kwa mkojo. Inasoma mikromoli 300 kwa lita, karibu mara tatu ya kawaida. Je, imepanda wiki hii, au iko hapo tangu mwaka juzi?

Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2012 unasema figo zimeumia ghafla ikiwa kriatinini imefika mara moja na nusu ya kiwango cha awali ndani ya siku saba. Ugonjwa sugu ni uliodumu zaidi ya miezi mitatu. Bila kipimo cha nyuma, daktari hana cha kulinganisha nacho.

Na wengi hawana, kwa sababu ugonjwa sugu wa figo hauumi. Utafiti wa Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta takriban watu wazima 7 kati ya 100 wanao, na ni kama mmoja tu kati ya kumi wa hao aliyejua.

Kukosea hapa kuna gharama. Tukidhani ni tatizo la ghafla kumbe ni la zamani, familia itauza ng'ombe kulipia usafishaji wa damu ikingoja figo zipone, na hazitapona. Tukidhani ni la zamani kumbe ni la ghafla, tutamkatia tamaa mtu ambaye angepona. Mara nyingine yote mawili yapo pamoja, kwani figo dhaifu huumia upesi.

Altrasaundi husaidia: figo zilizosinyaa huashiria ugonjwa wa zamani. Lakini za mwenye kisukari zinaweza kubaki na ukubwa wa kawaida. Kurudia kipimo baada ya siku moja au mbili husaidia pia.

Basi fanya haya. Kama una presha, kisukari, VVU, au ulipata kifafa cha mimba, omba kupimwa kriatinini na protini kwenye mkojo ukiwa mzima. Piga picha majibu kwa simu, na karatasi ihifadhi pamoja na kadi ya kliniki. Ukitoka wodini baada ya figo kuumia, rudi upimwe tena baada ya miezi mitatu.

Mzazi, mtoto anayehara mpe ORS mapema. Asipokojoa kwa saa sita, usingoje kupambazuke. Mpeleke kituo cha afya.

Karatasi ile ya zamani ndiyo itakayomwambia daktari kama figo zako bado zina nafasi ya kupona.