Malambo yetu yaachiwe miti yake



Nina dukuduku kuhusu miti ya kando ya malambo yetu huku Handeni na Korogwe.

Mwaka jana nilikwenda Mwanza kumwuguza dada yangu. Siku moja shemeji alinichukua hadi Capri Point, tukapanda mashua kwenda Kisiwa cha Saanane. Safari yenyewe ni ya dakika chache tu. Ukigeuka nyuma unauona mji, na mbele yako ni majabali na miti. Tulizunguka kwa miguu asubuhi nzima. Pimbi wanaota jua juu ya mawe, swala wanakula majani bila wasiwasi, na watoto wa shule wameketi kivulini wakimsikiliza askari wa hifadhi. Kisiwa kina jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyeishi hapo kabla hakijafanywa bustani ya wanyama mwaka 1964. Mwaka 2013 kilifanywa Hifadhi ya Taifa, nacho hakifiki hata kilomita za mraba tatu.

Nilirudi nyumbani na wivu, Ndugu Mhariri. Sisi hatuna ziwa kama lile, lakini malambo tunayo. Lambo la kijijini kwetu, wilayani Handeni, lilizungukwa na mikuyu na migunga. Tulipokuwa wanafunzi tulifua nguo pale Jumamosi, kisha tukalala kivulini zikikauka. Leo pamebaki visiki. Miti imekwenda kwenye matanuri ya mkaa, na magunia tunayaona kando ya barabara kuu yakingoja magari ya Dar es Salaam. Mvua ikinyesha udongo wote unateremkia lambo. Ukifika mwezi wa Septemba limebaki tope la ng'ombe, na mama zetu wanatoka alfajiri na ndoo kwenda mbali. Hata maji ya bomba tunayapata kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, na huko nako nimeona mahindi yamelimwa hadi ukingoni.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka mtoni au bwawani. Mita 60 ni kitu gani? Ni mwendo wa kumaliza sigara nusu.

Sisemi wachoma mkaa wafungwe. Mimi mwenyewe niliuza mkaa mwaka wa njaa, na watoto walikula. Ninachoomba ni serikali za vijiji zipime mita hizo na kuweka alama, shoka na jembe visivuke hapo, na kila shule ipewe upande wake ipande mikuyu. Kivuli kikirudi, nasi tutapata pa kupumzika siku ya Idi au Krismasi bila kutafuta nauli ya Mwanza.

Mkutano mkuu wa kijiji chetu utakaa mwezi ujao, nami nitalisema hili. Ndugu zangu wa Korogwe nao walifikishe kwao.

Mkulima,
Handeni