Tusingoje Nyumba Iishe

Wapenzi akina mama, moto ukipita sisi huanza kuhesabu: masufuria mangapi, magodoro mangapi, picha za arusi ziko wapi. Watoto wao huuliza neno moja tu: "Tutalala wapi?"

Usiku wa Oktoba 8, 2017, moto ulioitwa Tubbs ulizuka karibu na Calistoga, California, nchini Marekani. Upepo mkali uliusukuma hadi Santa Rosa kabla hakujapambazuka. Watu 22 walifariki, na majengo zaidi ya 5,600 yaliteketea. Camp Newman, kambi ya watoto wa Kiyahudi iliyokuwa vilimani hapo, ilipoteza sehemu kubwa ya majengo yake. Nyota ya Daudi ya mbao iliyo juu ya kilima ilibaki imesimama.

Viongozi wake wangeweza kusema, "Tujenge kwanza, ndipo tuwaite watoto." Lakini mtoto wa miaka kumi hakai hapo akingoja fundi. Hivyo likizo ya kiangazi ya 2018, na tena ya 2019, kambi ilifanyika Vallejo, katika chuo cha mabaharia.

Na sisi je? Mara ngapi tumesema tutaanza sala ya jioni na watoto tukishahamia nyumba mpya, tukishanunua meza? Tukija kushtuka, kijana ameshaondoka nyumbani.

Akina mama, jioni ya leo tuwaite, hata kama ni mkekani karibu na jiko. Nyumba tutaimalizia taratibu, Mungu akipenda.