Pauni milioni 36 za kutouliza

Uchaguzi wa kidato cha tano unapotangazwa, mzazi ambaye mwanawe amepangiwa PCM (fizikia, kemia na hisabati) hupokea pongezi za jamaa na majirani. Yule wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) huulizwa, kwa upole wenye sindano ndani yake, kama hakuna namna ya kubadilisha mchepuo. Katika familia nyingi za Tanzania historia ni kimbilio la walioshindwa hesabu. Mtoto anakariri Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, anakariri sababu za Vita vya Majimaji, anazimwaga kwenye karatasi ya mtihani, na jioni yake hana hata moja kichwani. Ndiyo maana swali la mzazi lina uzito: kujua ya kale kunamlipa nani?

Jibu la majukwaani, kwamba asiyejua atokako hajui aendako, limerudiwa mno hata halisikiki tena. Afadhali kufungua daftari la hasara. Taifa tajiri liliwahi kupoteza pauni milioni 36 kwa kutouliza yaliyokuwa yametokea mahali fulani miaka 30 tu nyuma, na mahali penyewe ni Kongwa, mkoani Dodoma.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imeshinda vita lakini haina mafuta ya kula. Siagi na majarini vilitolewa kwa mgao. Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, akaja na wazo la kulima karanga kwa mashine katika nyika za Tanganyika. Serikali ikatuma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa koloni hilohilo. Ujumbe ulizunguka kwa wiki chache, mara nyingi ukiitazama nchi kutoka angani, kisha ukaandika ripoti ya kutia moyo: ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika, zingefyekwa kwa takriban pauni milioni 25. Waziri wa Chakula, John Strachey, akaunga mkono. Kongwa ikateuliwa kuanza, na baadaye Urambo na Nachingwea.

Yaliyofuata yangekuwa kichekesho kama yasingekuwa na bili. Matrekta yalikuwa mabaki ya vita, mengine yakiwa yamechoka hata kabla ya kushushwa bandarini. Vifaru vya Sherman vilivuliwa silaha na kugeuzwa matrekta ili ving'oe visiki. Mibuyu haikung'oka kirahisi, na nyuki waliofanya makao ndani yake waliwapeleka wafanyakazi hospitali. Kisha ukaja udongo wenyewe. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi, na mvua zikikatika hukauka ukawa kama saruji. Karanga hukomaa chini ya ardhi, kwa hiyo hata zilipoota vizuri, kuzitoa ikawa shughuli ya kuvunja majembe. Mvua nazo zikasuasua. Alan Wood, aliyekuwa ofisa habari wa mradi huohuo, alijiuzulu na kuuandikia kitabu mwaka 1950. Januari 1951 serikali ilisalimu amri, na hadi leo mradi huo unakumbukwa kama ule ulionunua mbegu nyingi kuliko karanga ulizovuna.

Wagogo, wenyeji wa huko, wangeweza kuwaambia. Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ulipitia njaa iitwayo Mtunya. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yamebeba ng'ombe, nafaka na wanaume wa kuchukua mizigo ya vita. Mvua zilipokosekana hapakuwa na akiba wala mikono ya kulima. Inakadiriwa watu wapatao 30,000 walikufa, yaani kama mmoja kati ya kila watano. Mtunya haikuwa njaa ya kwanza Ugogo wala ya mwisho. Njaa kubwa za huko zina majina, na wazee walihesabia miaka kwa majina hayo. Mtu aliyeketi nao jioni moja tu angesikia orodha ndefu ya miaka ambayo mvua ilidanganya, na angeelewa kwa nini Mgogo alitegemea ng'ombe, uwele na mtama badala ya kujifunga kwenye zao moja linalodai mvua ya uhakika. Kumbukumbu hiyo ilikuwapo, hai, inazungumza, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kambi ya matrekta. Ilikosa mtu wa kuichukulia kuwa taarifa.

(Haki itendeke: si kila kitu kilipotea. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilizaliwa na mradi huo. Mwaka 1964 Kongwa ikawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, FRELIMO wa Msumbiji wakiwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Reli ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea haikuwa na bahati hiyo. Ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.)

Ni rahisi kusema waliopanga mradi wa karanga walikuwa wakoloni na dharau zao. Lakini Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na bonde la Msimbazi ndilo lililoumia sana. Familia zilihamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Miaka michache baadaye, katika bonde hilohilo, eneo la Jangwani, ikasimama karakana ya mabasi yaendayo kasi, na maji yakairudia mara kwa mara kama yalivyozoea. Waliopitisha ramani hawakutoka London. Na yaliyopita katika kisa hiki hayakuhitaji mwanaakiolojia: yalikuwa bado kwenye simu za watu, kwa picha na video.

Upande wa pili wa daftari una faida, na mfano wake ulio wazi zaidi umetoka Kenya. Mwaka 2009 wazee watano walifungua shauri London wakidai fidia kwa mateso waliyopata katika kambi za Waingereza wakati wa uasi wa Mau Mau, miaka ya 1950. Serikali ya Uingereza ilijitetea kwamba dhima hiyo, kama ipo, ilihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru. Wanahistoria watatu, David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett, waliandika ushahidi kwa ajili ya mahakama. Elkins alikuwa amelaumiwa na wenzake tangu kitabu chake cha 2005 kwamba anaamini mno simulizi za wazee. Kesi ikaendelea, na shinikizo lake likailazimisha serikali kukiri mwaka 2011 kwamba ilikuwa imeficha mafaili ya makoloni yake ya zamani huko Hanslope Park: takriban mafaili 8,800 kutoka nchi 37. Yalipofunguliwa, mengi waliyokuwa wakiyasema wazee yalikuta karatasi ya kuyaunga mkono.

Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni akaeleza masikitiko ya serikali yake na kutangaza pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Mzazi anayeuliza historia inalipa nini anaweza kuanzia kwenye tarakimu hiyo, ingawa ikigawanywa ni ndogo mno kwa mtu aliyeharibiwa mwili. Kundi jingine la Wakenya zaidi ya 40,000 lilifuata na kesi yake, likashindwa mwaka 2018. Muda mrefu mno ulikuwa umepita tangu matukio yenyewe. Tofauti ya miaka michache katika kukusanya na kuwasilisha ushahidi si jambo la wasomi peke yao.

Hata hivyo kuna hoja ya kupinga ambayo watetezi wa historia hupenda kuikwepa. Kuna historia iliyoua. Mwaka 1863 John Hanning Speke alichapisha kitabu cha safari zake, na ndani yake akaweka nadharia kwamba watawala wa eneo la Maziwa Makuu, Watutsi wakiwamo, walitokana na uzao wa kigeni kutoka Uhabeshi. Hakuwa na ushahidi wowote wa maana. Wamisionari na watawala wa Kibelgiji waliichukua wakaifundisha, na miaka ya 1930 wakaandika kabila la kila Mnyarwanda kwenye kitambulisho. Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera aliuambia umati kwamba Watutsi wangerudishwa Uhabeshi kupitia mto Nyabarongo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari ya Watutsi, miili ilielea mtoni. Mugesera alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2016. Baada ya mauaji yale, shule za Rwanda zilisimamisha ufundishaji wa historia ya nchi kwa miaka, kwa sababu hakukuwa na simulizi ambayo mwalimu angeweza kuitamka darasani bila hofu.

Mtu anaweza kuhitimisha kwamba heri kusahau. Lakini walioitikia maneno ya Kabaya hawakuwa na upungufu wa habari za kale. Walikuwa nazo tele, walizipata shuleni, na hawakufundishwa swali moja: Speke alijuaje? Mwanafunzi aliyezoea kuuliza nani aliandika, aliona nini, na alikuwa na maslahi gani, ni mgumu kuhamasishwa na hadithi ya mto. Pengine asingetosha kuzuia lolote. Lakini darasa linalofundisha majibu bila swali hilo huwaandaa wasikilizaji wa Mugesera anayefuata.

Hapo ndipo mjadala wa mtaala mpya wa Tanzania ungepaswa kujikita. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia shuleni, na ni jambo jema kwamba mtoto atasoma ya kwao kabla ya Bismarck. Wasiwasi uko kwenye neno la mwisho la jina la somo. Historia ikitumwa kazi ya kulea maadili, huelekea haraka kwenye sifa za mashujaa, na maswali huonekana utovu wa adabu. Je, mwanafunzi ataruhusiwa kuchunguza Operesheni Vijiji, uhamishaji wa watu uliofanywa baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza Novemba 1973 kwamba kuishi kijijini ni amri? Je, ataruhusiwa kulinganisha hotuba za viongozi na kumbukumbu za bibi yake aliyehamishwa kwa lori na kushushwa mahali pasipo na kisima? Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa kukiri makosa ya sera zake. Somo lisiwe na woga kuliko yeye.

Nchi hii iliwahi kuonyesha namna ya kufanya. Mwaka 1968 Chuo Kikuu, Dar es Salaam, kilianzisha mradi wa utafiti wa Majimaji. Nyaraka za Wajerumani zilikuwapo, lakini zilisema upande mmoja tu, kwa hiyo wanafunzi walikwenda kusini kwa wazee walioikumbuka vita ya 1905 hadi 1907. Waliandika kila eneo lilivyopokea maji ya dawa, kwa nini wengine walijiunga na wengine wakakataa, na njaa iliyofuata ilivyopukutisha watu kuliko risasi. Simulizi za maeneo hazikukubaliana zote, na kutokubaliana huko kukawa sehemu ya matokeo ya utafiti. Wakati huo aliyekuwa na miaka 15 vita ilipoanza alikuwa mzee wa karibu 80.

Kazi ya aina hiyo haihitaji maabara wala vifaa vya kuagiza nje. Shule ya kata inaweza kuwapa wanafunzi wa kidato cha pili muhula mmoja wa kuandika historia ya mafuriko, njaa na migogoro ya ardhi ya kata yao, kila taarifa ikiwa na jina la aliyeisema na namna alivyojua, na alama zake zikaingia kwenye tathmini ya mwaka. Nakala moja ipelekwe ofisi ya mtendaji wa kata, ambako mwekezaji mwenye ramani yake ya ekari elfu kadhaa huanzia kubisha hodi.